Kwenda kwenye mji mdogo wa Ujerumani alikotoka babu: maandalizi, nyaraka na siku zenyewe

Mji mdogo wa Ujerumani humfungukia mtu aliyetanguliza barua na kufika siku ya kazi, asubuhi. Ukitokea Jumamosi mchana bila taarifa, utakuta ofisi ya mji imefungwa, kanisa limepigwa kufuli, na makumbusho yana kibao kisemacho yanafunguliwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Utapiga picha ya mnara wa kanisa, utakula soseji, utarudi. Kazi kubwa ya safari hii hufanyika nyumbani, miezi mitatu minne kabla ya kupanda ndege.

Jina la mji, na kwa nini peke yake halitoshi

Usikate tiketi kabla hujajua babu alibatizwa usharika gani au parokia gani. Jina la mji unalolisikia kwenye ukoo mara nyingi si la alikozaliwa. Hati nyingi za ughaibuni ziliandika "Hamburg" au "Bremen" kwa sababu meli iliondokea huko. Nyingine zimeandika "Prussia", ambayo ilikuwa dola kubwa, si mji. Orodha za abiria wa Hamburg za 1850 hadi 1934 zimehifadhiwa kwa sehemu kubwa, nazo hutaja mahali msafiri alikokuwa akiishi mara ya mwisho. Za Bremen nyingi ziliharibiwa. Zilizobaki ni hasa za 1920 hadi 1939. Kumbuka pia kwamba makazi ya mwisho si lazima yawe mahali pa kuzaliwa. Kijana aliyekwenda kujifunza useremala mji wa tatu kutoka kwao ataandikwa kwa mji huo wa tatu.

Ukishapata jina, jiulize ni lipi kati ya mengi. Neustadt ziko nyingi, Neuenkirchen hivyo hivyo, na Mühlhausen si moja. Chombo cha kutenganisha ni kamusi ya mahali iitwayo Meyers Orts- und Verkehrs-Lexikon, iliyochapishwa 1912 na 1913, ambayo sasa inasomeka bure kwenye intaneti. Inaorodhesha hata vitongoji vya nyumba chache, na inaonyesha kila kimoja kilikuwa chini ya ofisi ipi ya usajili, na kama kilikuwa na kanisa lake. Hicho ndicho unachokitaka: kijiji kisicho na kanisa kiliandikisha watoto wake kwenye kijiji cha jirani, na vitabu viko huko.

Kisha linganisha na ramani ya leo. Kuna mitego miwili. Miaka ya 1970 vijiji vingi vya Ujerumani Magharibi viliunganishwa kuwa manispaa kubwa, kwa hiyo kijiji cha babu huenda leo ni mtaa tu wa mji wenye jina jingine kabisa, na barua lazima iende kwenye mji huo. Mtego wa pili ni mipaka. Kama babu alitoka Prussia ya Mashariki, au sehemu kubwa ya Silesia au Pomerania, mji wake haupo tena Ujerumani. Bunzlau, kwa mfano, leo ni Bolesławiec, nchini Poland, na safari yako inabadilika tangu lugha ya barua.

Kama babu alikuja Afrika Mashariki

Familia za Tanzania zenye Mjerumani kwenye ukoo zina njia ya mkato ambayo waliohamia Marekani hawana: wengi wa Wajerumani hao walitumwa na shirika au serikali, na aliyetumwa aliandikwa. Wamoraviani walioanzisha kazi Rungwe mwaka 1891 walitumwa na kanisa lao lililo na makao Herrnhut, mji mdogo wa Saxony, na hifadhi ya nyaraka iliyoko huko, Unitätsarchiv, inatunza simulizi za maisha ziitwazo Lebenslauf. Kwa desturi yao kila mmoja aliandika maisha yake, na yakasomwa siku ya mazishi. Mahali pa kuzaliwa hapakosi. Nyaraka za misioni ya Leipzig, iliyofika Kilimanjaro 1893, ziko Halle kwenye taasisi ya Franckesche Stiftungen. Za misioni ya Betheli, ya Usambara na Bukoba, zitafute Wuppertal. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda walitoka abasia ya St. Ottilien, Bavaria.

Kwa maofisa wa serikali ya kikoloni, anza na Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Ujerumani, tawi la Berlin-Lichterfelde, kwenye mafaili yenye alama R 1001, na pia Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka Dar es Salaam, ambayo ina mafaili ya enzi ya Wajerumani. Kwa askari ni kazi ngumu zaidi: hifadhi ya jeshi la Prussia iliyokuwa Potsdam iliteketea kwa mabomu Aprili 1945. Hapo utategemea vitabu vya ubatizo, barua za familia, au jina lililochongwa mahali.

Wapo pia ambao babu hakuwahi kumwandika mtoto kama wake. Hawa waanze na daftari la ubatizo la misheni huku nyumbani, maana mchungaji au padri mara nyingine aliandika kile ambacho cheti hakikusema. Wasipopata kitu, kipimo cha vinasaba ndicho kilichobaki, na kitachukua muda: unangoja ndugu wa mbali apime na alingane nawe. Kwenda mjini na jina la ukoo tu, bila jina la kwanza wala mwaka, hakufai. Mji wa watu elfu tatu unaweza kuwa na familia kumi na tano ziitwazo Schmidt ambazo hazina undugu.

Vitabu viko wapi hasa

Watu wengi hudhani vitabu vya zamani viko kanisani kijijini. Mara nyingi haviko. Makanisa ya Kiprotestanti yamevikusanya vingi kwenye hifadhi ya kanisa la jimbo, na Wakatoliki kwenye hifadhi ya dayosisi. Mchungaji wa kijijini anaweza kukuonyesha kisima cha ubatizo alichobatizwa babu, lakini kitabu cha 1840 huenda kiko mji mkuu wa jimbo, mwendo wa saa mbili kwa treni.

Ndiyo maana vitafute kwanza mtandaoni. Tovuti ya Archion ina vitabu vya Kiprotestanti kwa malipo. Orodha ya sharika unaweza kuiangalia bure kabla ya kulipa, ujue kama usharika wako umo. Matricula ni bure na ina vitabu vya Kikatoliki vya dayosisi kadhaa, zikiwemo Passau, Münster na Paderborn. FamilySearch nayo ni bure, lakini baadhi ya picha zake hufunguka tu kwenye vituo vyake. Ukipata ubatizo wa babu ukiwa bado Mwanza au Nairobi, siku zako za Ujerumani utazitumia kutembea badala ya kukodolea macho kitabu.

Usajili wa serikali, kwenye ofisi iitwayo Standesamt, ulianza Prussia tarehe 1 Oktoba 1874 na dola nzima ya Ujerumani tarehe 1 Januari 1876. Upande wa magharibi wa mto Rhine ulianza mapema zaidi, 1798, kwa sababu Wafaransa walikuwa wametawala huko. Kabla ya hapo ni kanisa tu. Sheria ya leo hufunga daftari la vizazi kwa miaka 110, la ndoa kwa 80 na la vifo kwa 30. Muda huo ukipita, daftari huhamia hifadhi ya nyaraka na mtu yeyote anaweza kuliomba. Kabla ya hapo, mjukuu au kitukuu atapewa nakala akithibitisha mnyororo mzima: cheti chako, cha mzazi wako, cha babu. Kiungo kimoja kikikosekana, ofisa atakataa, naye atakuwa anafuata sheria.

Waliotoka Württemberg wana bahati. Kuanzia 1808 sharika za Kiprotestanti za huko ziliandika daftari la familia, ukurasa mmoja kwa baba, mama na watoto wote, na mara nyingi pembeni pameongezwa neno la nani alihama na kwenda wapi. Hifadhi ya jimbo la Baden-Württemberg pia ina kanzidata ya waliohama kusini-magharibi mwa Ujerumani. Kwa Pfalz, taasisi ya historia ya eneo hilo iliyoko Kaiserslautern ina kadi nyingi za wahamiaji.

Kusoma mwandiko

Vitabu vya kanisa vimeandikwa kwa mwandiko wa kale uitwao Kurrent. Herufi e hufanana na n, na u hutofautishwa na n kwa kijimkunjo tu juu yake. Jipe wiki mbili za mazoezi, na usianze na ukurasa wa babu. Anza na kurasa za karibu yake, uone mwandishi huyo huyo alivyoandika majina unayoyajua: Johann, Anna, Maria.

Mambo manne huwapoteza wengi. Tarehe iliyoandikwa 7ber si Julai bali Septemba; 8ber ni Oktoba, 9ber Novemba, 10ber Desemba, kwa mujibu wa Kilatini. Jina la mwanamke huongezewa -in, hivyo Müllerin ni binti au mke wa ukoo wa Müller. Ndugu wanne wanaweza wote kuitwa Johann, na jina lililotumika kila siku likawa la pili au la tatu, pengine lililopigwa mstari chini. Na jina la ukoo linaweza kuandikwa namna tatu katika kitabu kimoja, kwa kuwa mchungaji aliandika alivyosikia; Müller aliyefika Marekani huenda akawa Miller.

Neno unehelich pembeni mwa jina la mtoto maana yake alizaliwa nje ya ndoa. Ukilikuta, usiliruke. Hapo daftari la mahakama au la kanisa linaweza kumtaja baba kwenye ukurasa mwingine.

Barua

Andika wiki sita hadi nane kabla, kwa Kijerumani, kwa barua pepe, na kila ofisi barua yake: hifadhi ya nyaraka ya mji (Stadtarchiv, na kwa vijiji Gemeinde, ofisi ya kijiji, au Kreisarchiv, hifadhi ya wilaya), ofisi ya kanisa (Pfarramt), na chama cha historia ya mahali kama kipo (Heimatverein). Usisimulie ukoo wote. Mtunza nyaraka wa mji mdogo mara nyingi ni mmoja, anafanya kazi nusu ya wiki, na barua ya kurasa tatu itasubiri. Hii, inayomtaja babu, siku utakazokuwepo, na kuuliza kama utaona nyaraka na kwa ada gani, inatosha:

Sehr geehrte Damen und Herren,
mein Urgroßvater (jina kamili), geboren am (tarehe) in (mahali), evangelisch, ist um 1905 nach Ostafrika ausgewandert. Vom 8. bis 11. Juni bin ich in Ihrem Ort. Könnte ich an einem dieser Tage Unterlagen zu seiner Familie einsehen? Welche Gebühren fallen an?
Mit freundlichen Grüßen

Kama alikuwa Mkatoliki, andika katholisch badala ya evangelisch (Mprotestanti). Kama ni babu mzaa baba au mzaa mama, weka Großvater badala ya Urgroßvater (baba wa babu au wa bibi). Taja tarehe halisi. Ukiandika tu kwamba unakuja mwezi wa sita, hawatakupangia siku. Usipojibiwa kwa wiki tatu, piga simu asubuhi kati ya saa tatu na saa tano za huko. Simu hujibiwa na mtu yule yule aliyekuwa hajafungua barua, naye huwa mwema kuliko ukimya wake ulivyokufanya udhani.

Viza na siku za kwenda

Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen: siku zisizozidi 90 ndani ya 180, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na ada ya euro 90 kwa mtu mzima. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini nafasi ya miadi ndiyo hukwamisha, kwa hiyo ianze mapema. Jibu la Stadtarchiv likutajalo kwa jina na tarehe liambatanishe kwenye ombi: linaeleza sababu ya safari vizuri kuliko maelezo yako mwenyewe.

Mei, Juni na Septemba ni miezi mizuri. Epuka likizo za shule za jimbo husika. Kila jimbo lina tarehe zake, na mabasi ya vijijini mengi ni mabasi ya wanafunzi, shule zikifungwa nayo hupungua. Angalia pia sikukuu za dini: Fronleichnam (sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo) hufunga majimbo ya Kikatoliki, na tarehe 31 Oktoba, siku ya Matengenezo ya Kanisa, hufunga mengi ya Kiprotestanti. Sikukuu ya kanisa la kijiji, inayoitwa Kirchweih, Kerwe au Kirmes kulingana na mahali, ni siku ambayo wenyeji waliotawanyika hurudi. Kama lengo lako ni watu, ilenge. Kama ni nyaraka, ikimbie.

Kufika na kula

Kata siku tatu kamili za kazi, na ulale mjini humo humo au mji wa karibu wenye kituo cha treni. Deutschlandticket hukupandisha treni zote za mikoa na mabasi ya mji kwa mwezi mzima. Bei yake ilianza euro 49 mwaka 2023 na kufikia 63 Januari 2026. Haikupandishi treni za masafa marefu za ICE na IC. Ni mkataba unaojirudia kila mwezi, na usipoufuta kufikia tarehe 10 utakatwa mwezi unaofuata ukiwa umesharudi nyumbani. Baadhi ya vijiji vina basi la kuitwa, Rufbus: halipiti wala kusimama mpaka uagize kwa simu au programu kabla, mara nyingi saa nzima. Mgeni husimama kituoni anatazama ratiba ukutani, saa inafika, na hakuna kinachokuja.

Jumapili karibu maduka yote hufungwa, nunua maji na mkate Jumamosi. Mikahawa ya miji midogo ina siku yake ya kupumzika, mara nyingi Jumatatu au Jumanne, na jikoni hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja na nusu hivi. Beba fedha taslimu. Zawadi ya kahawa ya Bukoba au ya Moshi hupokelewa vizuri, ila nyama kavu, siagi na samli hairuhusiwi kuingia Ulaya kutoka nje.

Ndani ya hifadhi

Utaacha mkoba kabatini na utapewa penseli. Kalamu ya wino hairuhusiwi. Uliza kabla ya kupiga picha, na zima mwanga wa kamera. Andika namba ya daftari, ukurasa na namba ya ingizo kabla ya kitu kingine chochote, maana bila hizo nakala yako haina asili. Omba pia daftari la kodi na ramani ya viwanja ya karne ya 19. Vitabu vya zamani vilitaja nyumba kwa namba ya kijiji kizima, siyo ya mtaa. Namba hizo zilibadilishwa baadaye, na ramani ya zamani pekee ndiyo itakuonyesha kwamba nyumba namba 43 ndiyo ile yenye duka la mikate leo.

Makaburi

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Kaburi la Ujerumani hukodishwa. Muda hutegemea kanuni za mahali, kwa kawaida miaka 20 hadi 30, na familia isipolipa tena jiwe huondolewa na shimo hupewa mwingine. Kaburi la baba wa babu aliyekufa 1911 karibu hakika halipo. Usiumie ukadhani ukoo ulitelekezwa; ndivyo ardhi ndogo inavyotumika. Badala yake tafuta mnara wa waliokufa vitani, ambao kijiji karibu kila kimoja kinao, wenye majina ya 1914 hadi 1918. Ukikuta jina la ukoo wako hapo, umepata dalili kwamba huenda ndugu wa babu walibaki, na huenda wana wajukuu mjini leo.

Herrnhut ni tofauti, na kwa mtu wa Rungwe au Tabora inafaa kuipangia siku hata kama babu alizaliwa kwingine. Mji huu wa Saxony ulianzishwa 1722, na makaburi yake, Gottesacker, yapo kwenye kilima cha Hutberg: mawe bapa yaliyolala chini, yote ya aina moja, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, na hayaondolewi. Kanisa lao jeupe liliteketea 1945 likajengwa upya. Treni za abiria hazifiki tena. Shuka Löbau au Zittau upande basi. Mji ni mdogo kiasi kwamba saa moja ya miguu inakutosha kutoka Unitätsarchiv, kupitia kanisani, hadi kilimani.

Watu wenye jina lako

Kabla ya kugonga mlango wa yeyote, andika barua ya karatasi, weka nakala ya ubatizo na picha moja ya familia, na sema wazi kwamba huji kwa ajili ya mali. Mgeni kutoka mbali akitaja undugu, wazo la urithi hupita kichwani mwa mwenyeji kabla hajasema karibu. Familia nyingine hazijawahi kuambiwa kwamba babu yao aliacha mtoto Afrika, na wanahitaji wiki kadhaa za kulimeza hilo. Acha namba yako na uwaachie wao kuchagua siku. Ofisi ya mji haitakupa namba za simu za walio hai, lakini mchungaji au mwenyekiti wa Heimatverein anaweza kupeleka bahasha yako kwa mkono wake, na njia hiyo hufanikiwa zaidi.

Ibada ya Jumapili huanza kwa kawaida saa tatu na nusu au saa nne asubuhi. Fika mapema kidogo, keti nyuma, na baada ya ibada subiri mlangoni huku nakala ya ubatizo iko mkononi, siyo mkobani. Wazee wa kanisa ndio wataiomba kwanza, na wao ndio wanaoujua mwandiko.